Utume Usioonekana: Somo Kutoka Mwambao wa Kigongo

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Sengerema au Geita hupitia Kigongo. Kwa miaka mingi alisubiri hapo kivuko cha kumpeleka Busisi. Tangu mwezi Juni 2025 anavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache, juu ya daraja lenye urefu wa takribani kilomita 3. Wengi hulipiga picha. Nguzo zilizozama majini, ambazo ndizo zinazolibeba, hazipigwi picha na mtu.

Utume wa Kanisa katika mwambao huu nao unabebwa na watu wasioonekana. Yafaa kuwatafakari, kwa maana waamini wengi hujiuliza kimoyomoyo: kazi yangu ndogo parokiani ina thamani gani?

Bruda aliyefuatana na Mapeera

Mwaka 1878 Askofu Mkuu Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alituma msafara wa kwanza kwenda maeneo ya maziwa makuu. Watano kati ya wamisionari hao walipangiwa upande wa Ziwa Viktoria: mapadre Léon Livinhac, Siméon Lourdel, Ludovic Girault na Léon Barbot, pamoja na Bruda Amans. Walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Kageye, kusini mwa ziwa, walikofika mwishoni mwa mwaka huohuo.

Kutoka Kageye, Padre Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, na tarehe 17 Februari 1879 wakatia nanga Kigungu, karibu na Entebbe. Baganda walimwita Padre Lourdel “Mapeera”, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya kumwita padre. Jina hilo lingali hai, na jengo refu katikati ya Kampala linaitwa kwa jina lake. Bruda Amans anatajwa pamoja naye, lakini daima kama mtu wa pili. Hakuwa padre, hakuadhimisha Misa wala kuungamisha. Mabruda wa nyakati zile walijenga nyumba, walichonga mbao, walilima bustani, walipika na kuuguza wagonjwa. Bila mikono hiyo, padre asingekuwa na mahali pa kufundishia wala pa kulaza kichwa.

Nyuma ya bruda huyo walikuwapo wengine ambao hata majina yao hatuyajui: wapagazi waliobeba mizigo ya msafara na wapiga kasia waliokabiliana na mawimbi. Tena yuko Padre Joachim Pascal, aliyefariki njiani Agosti 1878, kabla hajaanza kazi aliyoijia. Kwa hesabu za kibinadamu, safari yake ilikuwa hasara. Kanisa halihesabu hivyo.

Mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda kutokana na misukosuko, wamisionari walianzisha misheni Bukumbi, jirani na Kigongo. Leo Bukumbi ina hospitali, na pia makazi ya wazee, wakiwamo walioathirika na ukoma. Mahali kama hapo, utume ni kufunga kidonda, kufua shuka, kumlisha mzee uji na kusikiliza habari ambayo ameisimulia mara nyingi.

Thamani yake inatoka wapi?

Kwanza, inatoka kwa Kristo mwenyewe. Kabla ya kuhubiri hadharani aliishi Nazareti miaka ipatayo thelathini katika kazi za kawaida. Miaka hiyo haikuwa ya kungojea ukombozi uanze. Ilikuwa sehemu ya ukombozi wetu. Na usiku wa kuamkia mateso yake, alichukua beseni na taulo, akafanya kazi ya mtumwa kwa wanafunzi wake.

Pili, inatoka katika upendo ambao kazi inatendwa nao. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu hakuwahi kwenda katika nchi za misheni, lakini mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misheni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyezunguka nchi nyingi. Mmoja alisafiri, mwingine alibaki ndani ya monasteri. Kanisa liliwaweka pamoja.

Jambo la kujihadhari

Hata hivyo, fundisho hili lisigeuzwe kuwa kisingizio. Unyenyekevu ni fadhila ambayo mtu huichagua mwenyewe. Si mzigo wa kuwatwika wanyonge. Si haki kumwambia katekista anayetembea vigango vitatu kila juma kwamba thawabu yake iko mbinguni, huku sisi tukishindwa hata kumtengenezea baiskeli. Si haki kazi ya kufagia kanisa iwe ya akina mama peke yao, na viti vya mbele viwe vya wengine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya utume wa Kanisa ya mwaka 1965, uliwasifu makatekista na kuagiza pia wapate malezi na riziki inayostahili. Sifa na haki viende pamoja. Aliyewaosha wanafunzi miguu hakuwaachia wakae tu; aliwaagiza nao waoshane.

Tufanye nini basi? Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, tuwataje kwa majina watu tunaowategemea bila kuwaona: anayepiga kengele, anayefua vitambaa vya altare, anayemtembelea mgonjwa jioni. Tuwashukuru, na tuwaulize wanahitaji nini. Kisha kila mmoja achague kazi moja ambayo hakuna atakayeipigia makofi, aifanye mwezi mzima bila kumwambia mtu.

Tutakapovuka tena pale Kigongo, tuzikumbuke nguzo zilizo chini ya maji. Bwana aonaye sirini anazijua zote, nasi pia anatujua.