Kitabu cha Kuchekesha Hakina Deni la Funzo

"Sawa mwalimu, mtoto amecheka. Lakini kitabu chenyewe kinafundisha nini?"

Swali hili nimeulizwa Mombo, nimeulizwa Mkata, na nimeulizwa Chanika nikiwa nimeshafunga begi, nasubiri gari la kurudi Korogwe. Huliuliza akina baba na mashangazi, na zaidi ya wote huliuliza walimu wenzangu, ambao nilitegemea wawe wamelichoka kama mimi. Msimu wake ni Januari, watoto wanapovishwa sare zinazowapwaya na kupelekwa darasa la kwanza, na mzazi anakuja kutaka ushauri wa kitabu. Namwonyesha kitabu chembamba chenye sura sita au nane na michoro ya kalamu, kisa cha mtoto anayeanza shule na kuvuruga mambo tangu siku ya kwanza. Anakipekua. Ukurasa wa tatu anatabasamu mwenyewe. Kisha anaruka mpaka ukurasa wa mwisho kutafuta funzo, na asipolikuta anakirudisha mezani kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Nijibu hapa mara moja, kwa maandishi, ili Januari ijayo nipumzike.

Kitabu cha hadithi cha mtoto anayejifunza kusoma kina kazi moja: kumfanya afunue ukurasa unaofuata bila kufokewa. Sizungumzii kitabu cha kiada. Hicho ni kazi ya Taasisi ya Elimu na kina ratiba yake. Nazungumzia kile cha ziada, cha nyumbani, cha kusomwa chini ya mwembe. Kikiongeza na adabu, heri. Kisipoongeza, hakijapunguza kitu.

Mtoto wa miaka sita au saba hutumia karibu akili yake yote kuunganisha silabi. Kiswahili kimemrahisishia nusu ya kazi, kwa kuwa kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, ndiyo maana mtoto aliyefundishwa vizuri huweza kutamka karibu kila neno baada ya miezi michache. Nusu nyingine ni ngumu, kwa sababu maneno yetu ni marefu. "Hakunisikiliza" ina silabi saba. Anayetambaa nayo, ha, ku, ni, si, ki, li, za, akifika mwisho ameshaisahau ile "ha" ya mwanzo, na "ha" ndiyo iliyobeba habari yote. Ametamka kila herufi kwa usahihi na ameelewa kinyume. Mwalimu anampigia makofi, mzazi anashangilia kwamba mtoto anajua kusoma, na mimi nimekaa nyuma ya darasa nikiumwa kichwa.

Dawa ya hali hiyo ni kusoma sana, na kusoma tena kilekile. Mwaka 1979 Mmarekani S. Jay Samuels aliandika juu ya kumrudisha mtoto kwenye kifungu kimoja mara kadhaa mpaka kimtoke bila kukwama, na njia hiyo inatumika mpaka leo. Sasa niambie, mzazi, ni kitabu gani ambacho mtoto atakirudia mara tano bila kuitwa? Kile cha mtoto mvivu aliyefeli akajuta? Kicheko ndicho kinachomrudisha. Aliyesoma kwa kusuasua hufika kwenye mzaha akiwa amechelewa, anahisi kuna kitu kimempita, basi anarudi juu kuutafuta. Hapo anafanya zoezi la Samuels kwa hiari yake, na hakuna aliyemshikia fimbo.

"Lakini atajifunza utundu." Hiyo ndiyo hofu yenyewe, na ndiyo niliyokusudia kuivunja leo.

Chukulia kisa kama hiki, ambacho ningefurahi kumwona mwandishi wetu akikiandika. Mwalimu wa darasa la kwanza amewaagiza watoto waje kesho na vifuniko 20 vya soda vya kuhesabia. Bibi yake mtoto ana duka pale Kabuku. Mtoto anazunguka kreti, anafungua soda 20, anatia vifuniko kwenye mfuko wa sare na kwenda shule akiwa na fahari kubwa. Darasani anahesabu, anapata 19. Anaomba ruhusa ya kurudi nyumbani mara moja.

Msomee mtoto yeyote kisa hicho. Ataanza kucheka wakati soda ya pili inafunguliwa, kabla bibi hajatokea. Anacheka nini? Anacheka kwa sababu anajua haifai. Asingejua kwamba soda za duka hazifunguliwi ovyo, angekukodolea macho tu, maana kwake mtu aliyefungua soda 20 amefungua soda 20, basi. Kila penye mzaha wa aina hii pana kanuni ambayo msomaji anayo tayari kichwani, na mhusika ndiye hana. Kwa dakika chache mtoto wa darasa la kwanza, ambaye siku nzima ni mdogo kuliko wote shuleni, anayeelekezwa choo kilipo na foleni inakoanzia, anakuwa mwenye akili kuliko mtu mwingine. Funzo unalolitafuta ukurasa wa mwisho lilikuwamo kichwani mwake kabla hujanunua kitabu.

Nako kucheka ni kipimo cha kuelewa kisichodanganyika kirahisi. Linganisha na lile swali letu pendwa, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Ingia darasa lolote la pili au la tatu, uliulize kabla hujasoma hata mstari. Utajibiwa kwa sauti moja: tuwe na bidii, tusiwe wavivu, tuwatii wazazi. Wanayajua majibu kama wanavyojua wimbo wa kuingilia darasani, na moja kati ya hayo matatu karibu kila mara huwa sahihi. Swali ambalo mtoto asiyesoma hulijibu sawa na aliyesoma halipimi kusoma. Nimelisema hili kwenye semina mpaka mate yamenikauka. Mtoto anayecheka kwenye mstari wenyewe, tena akiwa peke yake, huyo amesoma.

Wapo pia wanaoniambia kwamba mzaha kwenye vitabu ni mambo ya kigeni. Hao nawashangaa zaidi. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha na kisufuria juu akidai imezaa. Mara ya pili akabaki nayo akasema imekufa. Tulifundishwa nini pale, kudhulumu vyombo? Sungura amewatapeli fisi na simba katika hadithi za Kizigua na Kisambaa tangu kabla ya reli kufika Korogwe, na bibi zetu waliotuhadithia hawakuwa wakizalisha matapeli. Au muulize mtu mzima anakumbuka nini katika vitabu vya zamani vya Kiswahili vya shule ya msingi. Atakutajia Kibanga ampiga mkoloni. Funzo limo, sikatai. Kilichomkaa kichwani miaka yote hii ni ngumi.

Wenzetu wameupita mgogoro huu. Marekani, Barbara Park alianza mwaka 1992 kuandika visa vya msichana aitwaye Junie B. Jones, na mwaka 2001 akamwingiza darasa la kwanza. Msichana huyo ana mdomo na anaharibu sarufi ya Kiingereza kwa makusudi ya mwandishi. Wazazi wa kule walilalamika kama mnavyolalamika hapa, hata mfululizo huo ukaingia kwenye orodha ya American Library Association ya vitabu 100 vilivyopingwa zaidi kati ya 2000 na 2009. Watoto hawakusikia malalamiko, walikuwa wanasoma. Kabla yake Beverly Cleary, aliyemfikisha Ramona wake darasa la kwanza mwaka 1975, alikuwa mkutubi kijana huko Yakima, na wavulana walimwendea wakitaka vitabu vya watoto kama wao. Hakuwa navyo, akaviandika. Karibu na kwetu, Barbara Kimenye wa Uganda alitupatia Moses na visa vyake vya bweni tangu mwisho wa miaka ya 1960. Vile vilikuwa vya Kiingereza na vya wakubwa kidogo, na waliovisoma wanajua havikuhubiri. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, kwa Kiswahili, visa vya sura vya namna hiyo bado ni haba. Sehemu ya sababu ni hilo hilo swali lenu: mwandishi akijua mnunuzi atakwenda ukurasa wa mwisho, atampelekea mahubiri ukurasa wa mwisho.

Na tusemezane ukweli kuhusu wilaya zetu. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa huu wa Tanga, wengi wao wasiosoma shule. Watu wanapenda kutaja zawadi ya dola milioni 10 ambayo washindi, onebillion na Kitkit School, waligawana, na kwamba baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, waliokuwa zaidi ya asilimia 90, ilipungua kwa nusu. Mimi hutazama takwimu nyingine ya mwanzoni kabisa: asilimia 80 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kusomewa kitu nyumbani. Tunabishana kuhusu funzo la kitabu katika nyumba zisizo na kitabu.

Wala sisemi kitabu kikishanunuliwa kazi imekwisha. Utafiti wa KiuFunza, uliofanyika 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, Korogwe ikiwamo, ulizipa baadhi ya shule fedha za ruzuku peke yake. Vitabu na vifaa vikaongezeka, alama za watoto hazikusogea. Zilisogea pale ruzuku ilipoambatana na bonasi kwa walimu kulingana na watoto wanavyojifunza. Kitabu kilichofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu kisichafuke hakijamfundisha mtu kusoma, kiwe cha mzaha au cha maadili.

Jambo moja la kiufundi, kwa wanaotafsiri. Msichukue kitabu cha Kiingereza cha sentensi za maneno mafupi mkadhani kitabaki chepesi kwa Kiswahili. Sentensi ya maneno matano yenye silabi mojamoja inaweza kugeuka maneno matatu yenye silabi 15. Na mzaha wa kuchezea maneno una mipaka yake hapa. Mtoto anayeambiwa "umekuwa wa ngapi?" akajibu "wa kwanza, si niko darasa la kwanza?" atawavunja mbavu watoto wa Korogwe mjini. Msomera, kwa familia zilizohamia Handeni kutoka Ngorongoro kuanzia 2022, ambako wengi huzungumza Kimaasai nyumbani, kichekesho hicho kinaweza kupita hewani. Soda 20 hazipiti hewani popote.

Haya, mnachotaka ni cha kufanya, na nafasi imenibana. Mpe mtoto ukurasa mmoja asome kwa sauti. Akikwama kwenye maneno zaidi ya matano, kitabu hicho msomee wewe kwanza, yeye atakirudia baadaye. Sura moja kwa usiku inatosha, na ukatishe pale anapotaka kuendelea. Usimsahihishe kila silabi, subiri afike nukta. Kama wewe husomi vizuri, dada yake wa darasa la tano atasoma, nawe kaa usikilize na ucheke. Uwepo wako una uzito kuliko unavyodhani. Fedha ya wiki chache za tusheni ya darasa la kwanza, ambayo mara nyingi ni kuimba a-e-i-o-u kwenye banda lingine, inaweza kununua vitabu. Mwenye simu janja atapata hadithi za Kiswahili bure African Storybook. Ni fupi, hazina sura, lakini kadhaa zinachekesha kweli. Walimu, toeni vitabu kabatini Ijumaa virudi Jumatatu, na vikirudi na alama za mafuta ya kupikia msipige mtu. Pasipo kitabu kabisa chukua daftari, muulize mtoto siku yake ya kwanza shuleni ilikwendaje, andika kwa herufi kubwa maneno yake mwenyewe hata kama sarufi imepinda, sura moja kwa kila balaa, achore pembeni; atakisoma mpaka kichanike. Mwisho wa sura usimuulize funzo. Muulize, "Unadhani kesho atafanya nini?" Na akifika sura ya pili bila hata kutabasamu, mwacheni akifunge, mtafutieni kingine.