Kupima, Kukadiria na Kuteua Mchezaji

Wafasiri wa taarifa za michezo hukutana na maneno mawili yanayotumiwa kana kwamba ni mamoja: kupima na kukadiria. Yafaa yatenganishwe, maana riziki ya kijana hutegemea ripoti anayoandikiwa.

Mwalimu wa michezo katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, aweza kumpima kiungo mchezeshaji: urefu kwa futikamba, mbio kwa saa. Lakini kama kijana huyo humwona mwenzake aliye wazi kabla hajabanwa na walinzi, hilo halipimiki. Hukadiriwa na jicho lililozoea. Ripoti isemayo "amepimwa, hafai" huenda imehukumu miguu tu.

Katika kandanda ya Kimarekani mchezeshaji hugawa mpira kwa mkono, na tatizo ni lile lile. Tom Brady, ambaye vipimo vya mwili wake havikuwavutia wakaguzi, aliteuliwa wa 199 mwaka 2000. Baadaye alitwaa ubingwa mara 7.

Hapo pana neno la tatu. Utaratibu uliomchukua Brady kutoka chuoni si "usajili", wala si "rasimu", ingawa kamusi yaweza kumponza mfasiri mwenye haraka. Timu huchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikitangulia, na kijana hajichagulii timu. Kwetu mchezaji na klabu hupatana kwanza, ndipo asajiliwe. Kwa utaratibu huo wa Marekani napendekeza "uteuzi wa zamu".