Datsun 240Z: Thamani Iliyo Katika Picha Zetu

Gari la kale la mbio aina ya Datsun 240Z linaponadiwa, wakusanyaji hushindana kwa fedha. Sisi wa Southall twalithamini kwa jambo jingine. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Baadhi yao wakafika hapa. Pasaka ya 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mashindano ya Safari kwa gari la aina hiyo, baada ya kulingana pointi na Harry Källström.

Gari lililoshiriki kweli hutambuliwa kwa namba ya chesisi, hati na picha. Basi tusizitupe picha tulizopiga kando ya barabara za Safari. Huenda ndizo ushahidi usioweza kununuliwa.