Bima ya Safari: Kinga ya Mkazi Anayeugua Ugenini

Wakazi wa pwani ya Lindi ni watu wa safari tangu kale. Wapo wanaokwenda Makka kuhiji, wanaovuka Mto Ruvuma kufanya biashara Msumbiji, wanaotembelea jamaa zao Oman au Komoro, na wanaokwenda Ulaya kwa masomo. Wengi wao hukamilisha pasipoti, viza, nauli na cheti cha chanjo. Swali moja, hata hivyo, husahaulika: msafiri akiugua ghafla huko ugenini, nani atalipa?

Kadi ya nyumbani ina mipaka

Kadi ya NHIF humhudumia mwanachama katika vituo vilivyosajiliwa hapa nchini. Mkazi wa Kilwa anaweza kuitumia Kinyonga, na akipewa rufaa, katika Hospitali ya Sokoine mjini Lindi. Akivunjika mguu Muscat au Pemba ya Msumbiji, kadi hiyo haitamlipia. Hospitali nyingi za nje humdai mgeni amana kabla ya kumlaza, na deni hugeuka mzigo wa ukoo mzima: shamba la mikorosho huuzwa, na ndugu huchangishana.

Kinachofidiwa

Bima ya safari hukatwa kwa idadi maalumu ya siku na kwa nchi zilizotajwa katika hati. Kwa kawaida hulipia matibabu ya dharura, kulazwa, upasuaji usioweza kusubiri, na kumhamishia mgonjwa katika hospitali yenye uwezo zaidi. Hati nyingi hugharimia pia kurejesha mwili wa marehemu nyumbani. Mahujaji wanaofariki Makka au Madina huzikwa hukohuko. Kwingineko, familia inayotaka kumzika mpendwa wake nyumbani hukabiliwa na gharama kubwa.

Kwa baadhi ya safari, bima ni sharti. Mwombaji wa viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen hutakiwa kuwa na bima isiyopungua yuro 30,000, inayojumuisha matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani. Karibu nasi, Zanzibar iliwataka wageni kutoka nje ya nchi kukata bima ya safari ya dola 44 za Marekani kuanzia Oktoba 1, 2024. Anayekwenda hija au umra aiulize taasisi inayomsafirisha ni bima gani imeambatanishwa na viza yake, na inalipia nini.

Kisichofidiwa

Madai mengi hukwama hapa. Maradhi ambayo msafiri alikuwa nayo kabla ya safari, kama kisukari au shinikizo la damu, mara nyingi hayafidiwi, au hufidiwa tu yakiwa yametajwa katika fomu na kukubaliwa. Kuyaficha ili kupunguza ada ni kujinyima fidia. Aidha, bima hii haimhusu mgonjwa anayekwenda India kwa upasuaji uliopangwa, kwa kuwa hiyo si dharura. Vilevile, kijana anayekwenda kuajiriwa Ghuba asiitegemee bima ya mtalii; mkataba wake wa kazi sharti uoneshe ni nani atakayegharimia matibabu yake.

Kabla ya kulipa, na baada ya kuugua

Bima inunuliwe kwa kampuni, wakala au dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Msafiri asome kiwango cha juu cha fidia, sehemu ya gharama atakayoibeba mwenyewe, na tarehe za kuanza na kukoma kwa bima. Nakala ya hati, pamoja na namba ya simu ya dharura, iachwe kwa jamaa aliyebaki nyumbani.

Akiugua, yeye au mwenzake aipigie simu kampuni mapema iwezekanavyo, kwani baadhi ya gharama huhitaji idhini kabla ya matibabu. Risiti zote na taarifa ya daktari zihifadhiwe. Dai likikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Asiporidhika, anaweza kulifikisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ada ya bima hulipwa kwa matumaini kwamba haitahitajika. Hata hivyo, familia iliyowahi kuuza shamba ili kumrudisha mgonjwa wake inajua kwamba ada hiyo ni ndogo kuliko thamani ya mikorosho yake.