Maji ya Ubongo: Funzo la Kiboko, Pomboo na Mvuvi wa Usiku

Mvuvi wa dagaa wa Musoma au Bunda huingia ziwani jua likizama, akawasha taa zake, akarejea mwaloni alfajiri. Anayemhofia majini ni kiboko, ambaye huonekana pia katika Mto Mara, upande wa Butiama. Uchunguzi wa vinasaba umebainisha kwamba, miongoni mwa wanyama walio hai, jamaa wa karibu zaidi wa kiboko ni nyangumi na pomboo. Wapiga mbizi hao wa baharini wana la kutufunza kuhusu ubongo.

Ubongo huelea katika maji maangavu. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku. Hivyo hubadilishwa zaidi ya mara tatu kwa siku. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba maji hayo hupenya kandokando ya mishipa ya damu na kuzoa taka za seli. Mapigo ya ateri husaidia kuyasukuma.

Hata hivyo, mapigo yakizidi hudhuru. Nyangumi apigapo mkia huku amebana pumzi, shinikizo la damu yake hupanda na kushuka kwa kila pigo. Lakini damu yote iendayo ubongoni hupitia kwanza mtandao mnene wa ateri ndogo, uliomo kifuani na katika mfereji wa uti wa mgongo. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada, kwa hesabu za kompyuta zilizotokana na maumbile ya spishi 11, walikadiria kwamba mpangilio huo waweza kukinga mishipa ya ubongo dhidi ya asilimia 97 ya mshindo. Mshindo hauzimwi, bali huhamishiwa upande wa vena, shinikizo la pande zote mbili likapanda na kushuka pamoja.

Pomboo ana hifadhi nyingine: hulaza nusu moja ya ubongo, nyingine ikikesha, kwa zamu. Binadamu hana zamu hiyo. Utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa kwa panya ulionyesha kwamba taka huondolewa kwa kasi zaidi usingizini. Mwingine wa London, mwaka 2024, ulipata matokeo kinyume. Mjadala haujafungwa, ila hakuna ubishi kwamba kukosa usingizi hudhoofisha kumbukumbu, uangalifu na wepesi wa kuamua, mambo ambayo mtumbwini ni uhai.

Kwa hiyo mvuvi aliyekesha asiunganishe usiku na kazi za mchana. Alale katika chumba chenye giza na utulivu, atimize saa 7 au zaidi, na familia imlindie usingizi huo kama inavyolinda nyavu zake.