Zana za Pikipiki: Anza na Chache, Lakini Ziwe Zinazofaa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na fidia. Safari hii tunazungumza juu ya spana. Huenda wengine wakaona kwamba hilo ni jambo la fundi, wala si la chama. Sisi hatuoni hivyo. Kwa mwendeshaji wa bodaboda, siku ambayo pikipiki haitembei ni siku isiyo na mshahara. Na ikiwa pikipiki si yake, hesabu ya mwenye chombo haisimami hata kama magurudumu yamesimama.

Kazi hii ilianzia hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwabeba wasafiri na mizigo yao kwa baiskeli, kutoka kituo cha mpakani cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Jina la bodaboda lilitokana na neno la Kiingereza la mpaka. Baiskeli hutengenezwa na mwenyewe kwa spana moja na kiraka. Pikipiki inataka zaidi kidogo, lakini si mengi kama watu wanavyodhani.

Nchini Uganda, chama cha ATGWU, ambacho asili yake ni chama cha madereva wa magari cha mwaka 1938, kimewafungulia mlango waendeshaji wa bodaboda. Basi yafaa tuzungumze juu ya chombo chao cha kazi kama vile tunavyozungumza juu ya mashine za kiwandani.

KABLA YA KUNUNUA, HESABU NATI ZAKO

Kosa kubwa ni kwenda dukani na kununua sanduku linalong'aa lenye vipande mia moja. Nusu ya vipande hivyo havitagusa pikipiki yako maisha, na vile unavyovihitaji huenda ni vya chuma laini kinachopanuka mdomo mara ya kwanza.

Fanya hivi. Fungua kiti kwanza uone kama mfuko wa zana uliotoka kiwandani bado upo. Kisha chukua karatasi, uzunguke pikipiki yako pole pole, uandike saizi ya kila nati unayoigusa mara kwa mara: nati za ekseli ya nyuma na ya mbele, ya kukazia breki, ya kukazia mnyororo, ya kumwagia oili, na za vioo na hendeli. Azima spana za fundi wa steji kwa robo saa ili upime. Pikipiki ndogo zinazoonekana zaidi katika barabara zetu, kama Bajaj Boxer na TVS, zote zinatumia vipimo vya milimita. Mara nyingi utakutana na 8, 10, 12, 14 na 17, na kwenye ekseli saizi kubwa zaidi. Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya dukani.

Jihadhari na spana za inchi zilizobaki nyumbani tangu enzi za matrekta ya zamani. Spana ya nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiitia kwenye nati ya 12 itaingia kwa urahisi, na ukiikaza itakula kona zote za nati. Baada ya hapo nati hiyo haifunguki ila kwa tindo na nyundo.

ZANA ZA KUANZIA

Tunapendekeza zinunuliwe kwa utaratibu huu, kidogo kidogo, kwa kadiri mfuko unavyoruhusu.

1. Kipimo cha upepo na pampu ya mkono. Tunaviweka mbele ya spana kwa makusudi. Tairi lenye upepo mdogo huchakaa upesi, hunywa petroli zaidi, na huyumba kwenye kona ukiwa na abiria. Kidole gumba si kipimo. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye kibandiko.

2. Spana za mchanganyiko, zile zenye mdomo wazi upande mmoja na duara upande wa pili, kwa saizi zilizomo katika karatasi yako tu. Ukiweza kutumia upande wa duara, utumie huo, kwa kuwa unaishika nati pande zote.

3. Spana ya plagi. Plagi hazilingani kutoka pikipiki moja hadi nyingine, kwa hiyo nenda dukani na plagi yako ya zamani mkononi. Wakati wa kuirudisha, ianzishe kwa vidole mpaka ikae. Ukianza na spana unaweza kuharibu uzi wa kichwa cha injini, na hilo ni gharama ya wiki nyingi.

4. Bisibisi mbili, ya nyota na bapa. Ya nyota ijaribu kwenye skrubu kabla ya kulipa. Ikicheza, iache.

5. Plaisi moja nzuri, brashi ngumu, na matambara.

6. Vyuma viwili vya kubandulia tairi, viraka na gundi. Aendaye kupitia msitu wa Busitema jioni, malori ya Malaba yakimpita kwa kasi, hana fundi wa kumwita hapo.

Vitu vya kungojea ni soketi nyingi, vipimo vya umeme na spana ya kurekebisha. Hiyo ya mwisho inafaa kama msaidizi, si kama mkuu wa sanduku. Mdomo wake hulegea, na nati huumia.

Kwa wakazi wa mpakani kuna faida moja: maduka yako pande zote mbili. Linganisha bei baada ya kubadilisha shilingi, wala si kabla. Ushike mkononi mdomo wa spana, uangalie kama umekatwa sawa, na uutie kwenye bolti iliyopo dukani. Spana nne nzuri ni bora kuliko ishirini za kutupa.

KAZI ZA NYUMBANI NA KAZI ZA FUNDI

Zana hizi zinatosha kwa kazi nne ambazo zinaokoa siku nyingi za kazi.

Ya kwanza ni mnyororo. Vumbi jekundu la barabara zetu likichanganyika na oili hugeuka kuwa msasa. Safisha, tia mafuta, na upime ulegevu katikati ya sehemu ya chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kama sentimita 2 hadi 3, lakini kitabu chako ndicho hakimu. Unapokaza, hakikisha alama za pande zote mbili za ekseli zinalingana, kisha urekebishe breki ya nyuma, maana gurudumu limesogea.

Ya pili ni breki. Pikipiki nyingi zenye breki za ngoma zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki. Breki ikikanyagwa na mshale ukapita alama ya mwisho, viatu vya breki vimekwisha. Hapo kukaza nati tena ni kujidanganya wewe na abiria wako.

Ya tatu ni oili. Nunua yenye unene uliotajwa katika kitabu na yenye alama ya JASO MA. Oili nyingine za magari zina dawa za kuteleza ambazo huifanya klachi iteleze, kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Bolti ya kumwagia usiikaze kwa hasira; imekaa kwenye aluminiamu. Oili chafu iwekwe kwenye mtungi, isimwagwe karibu na kisima wala kwenye kinamasi.

Ya nne ni kusafisha filta ya hewa na kuangalia plagi, hasa wakati wa kiangazi.

Kufungua injini, kurekebisha valvu, kunyoosha rimu na kugusa nyaya za ndani, hizo ni kazi za fundi. Kumwachia kazi yake si aibu. Naye hufurahi kuletewa chombo ambacho hakijaharibiwa kwanza.

Tunasisitiza jambo moja la usalama kuliko yote: usisafishe wala usitie mafuta mnyororo injini ikiwa inaunguruma na gia imeingia. Tambara huvutwa, na vidole hulifuata. Zima injini, uzungushe gurudumu kwa mkono.

NANI ANUNUE?

Hapa ndipo jambo linapokuwa la chama. Mwendeshaji anayekodi pikipiki hulipa kila siku au kila wiki. Mara nyingi makubaliano ni ya mdomo, na pikipiki ikiharibika kila mmoja humnyooshea mwenziwe kidole. Sisi tunasema zana za msingi ni sehemu ya chombo. Mwenye pikipiki anapoikabidhi, aikabidhi pamoja na zana zake, ziandikwe katika karatasi, na iandikwe pia nani analipa oili, nani analipa tairi, na siku za matengenezo zinahesabiwaje. Pande zote mbili ziweke sahihi, na kila mmoja abaki na nakala.

Kwa wale wenye pikipiki zao, si lazima kila mtu anunue kila kitu. Spana ndogo ziwe za kila mmoja. Vitu vizito vya kutumiwa mara chache, kama pampu kubwa ya miguu, soketi za ekseli na kifaa cha kukatia mnyororo, vinaweza kununuliwa na steji nzima kwa michango midogo, vikawekwa katika sanduku lenye kufuli, na mtu mmoja aliyechaguliwa akashika daftari la kuazimia. Daftari ni la lazima, kwani spana isiyoandikwa hairudi.

Tunawaomba viongozi wa steji za Busia, Busitema na Tororo walitie jambo hili katika mkutano wao ujao: orodha ya saizi, makubaliano ya maandishi na wenye vyombo, na sanduku la pamoja. Anayefika kazini na mnyororo uliokazwa na breki zinazoshika amelinda mkate wake na maisha ya abiria aliye nyuma yake.