Pepo mwenye maisha ya binadamu

KATIKA Demon: The Descent, mchezo wa mezani wa kuigiza uliotolewa na kampuni ya Onyx Path Publishing ya Marekani mwaka 2014, mchezaji anayeunda pepo humbunia pia maisha ya kibinadamu: jina, kazi, jamaa na majirani.

Pepo huyo ni malaika aliyemwasi Mungu-Mashine, na malaika watiifu humsaka. Maisha hayo ya bandia ndiyo maficho yake. Uimara wake hupimwa kwa alama hadi 10. Kwa kawaida mhusika mpya huanza na saba.

Akifichua asili yake, alama zaweza kupungua. Huziongeza kwa kuwekeana mapatano na binadamu, akitwaa urafiki, ndoa, hata roho yake.

Hivyo usalama wa pepo hugharimiwa na mtu mwingine. Mchezaji hana budi kuamua mapema: ni nani atakayelipa?